Pima Kwanza, Ndipo Ununue

Gari lako likianza kula petroli kupita desturi, usiwe mwepesi wa kufungua mfuko. Shemeji yangu hubeba viazi toka Njombe mpaka Makambako, na faida ya viazi hivyo ndiyo ada ya watoto wake. Taa ya injini ikawaka, petroli ikaimeza faida yote. Fundi mmoja akamwambia, "Sensa ya oksijeni imekufa, lete fedha ya mpya." Mimi ni karani, sitoi fedha bila hati. Basi tukapima wenyewe nyumbani.

Sensa hiyo ni kidude kilichokazwa katika bomba la moshi. Huonja moshi na kuiarifu kompyuta ya injini kama oksijeni iliyobaki ni nyingi au kidogo. Magari ya Volvo yalianza kuitumia mwaka 1976.

Lisimamishe gari uwanjani, siyo bandani, kwani moshi wake huua. Injini ipate moto barabara, maana sensa baridi haisemi kitu. Tafuta katika kitabu cha gari waya upelekao habari. Chukua mita ya namba, waya wake mwekundu uguse huo, mweusi uguse hasi ya betri. Jihadhari na bomba, linaunguza. Sensa nzima ya aina iliyozoeleka hupanda na kushuka upesi kati ya volti 0.1 na 0.9. Baadhi ya magari yana sensa za aina nyingine, zisizopimwa hivi.

Yetu ilikaa 0.1 tu. Je, imekufa? Tukakanyaga mafuta ghafla, namba ikaruka mpaka 0.8. Mfu haruki! Kumbe ilikuwa ikionja hewa nyingi kweli. Tukalichunguza bomba, tukakuta ufa karibu na injini, kabla ya kuifikia sensa. Hewa ya nje iliingia hapo, na kompyuta, ikidhani petroli ni haba, ikazidi kuimwaga. Ufa ukachomelewa Makambako, namba zikaanza kucheza, na matumizi ya petroli yakarudi kama zamani.

Sensa nayo hufa. Ikiwa namba haisogei hata ukikanyaga mafuta, na waya zote ni nzima, hapo nunua. Lakini kabla ya kutoa hata shilingi moja, mwombe fundi wako akuonyeshe namba kwenye mita.