Chini ya Mkorosho, Matsangoni



Ndugu wasomaji, njia ya Mombasa kwenda Malindi tumeipita tangu utotoni, tangu zama za kungojea feri pale Kilifi, kabla daraja halijafunguliwa mwaka 1991. Ni kama kilomita 120, nasi tukijigamba kwamba twaijua hata tukifumba macho. Safari ya mwezi uliopita ilitufunza kwamba njia tuliijua, ila gari letu wenyewe hatukulijua.

Asubuhi hiyo zilitufikia khabari kuwa shangazi yetu wa Malindi amefariki, na kwamba atazikwa baada ya sala ya adhuhuri. Tukaondoka saa tatu u nusu, mama watoto kando yetu, mama mzazi nyuma na tasbihi yake. Tukavuka Mtwapa, tukayapita mashamba ya mkonga ya Vipingo, yaliyojipanga safu kwa safu. Tukavuka daraja la Kilifi, maji ya hori yakimeta chini yetu. Hapo gari likaanza kukohoa. Tulipofika Matsangoni likatetemeka, likazima.

Siku tatu kabla, mama watoto alituambia: "Bwana, gari hili lachechemea. Hebu lisikize." Tukamjibu kwamba mambo ya injini si mambo ya jikoni. Jibu hilo ndilo lililotusimamisha barabarani.

Kando ya njia, chini ya mkorosho, palikuwa na fundi kijana. "Shikamoo maalim," akasema. "Tungoje ipoe kwanza." Akatueleza kwamba plagi ikifunguliwa injini ingali moto, hesi zaweza kuharibika. Tukangoja, na kivuli kikisogea, roho ikiwa Malindi.

Ilipopoa, alipuliza vumbi kando ya kila plagi lisije likaanguka ndani. Akazitoa nyaya moja moja, asichanganye mpangilio wake. Kisha akazilaza plagi nne juu ya kitambaa.

"Tazama rangi, maalim. Plagi nzima huwa na rangi ya kahawia hafifu. Hizi zako?"

Zilikuwa nyeusi kama kitako cha chungu. Akasema masizi makavu namna ile ni dalili ya petroli kuzidi hewa. Akafungua chujio la hewa, tukaona vumbi limelijaa hata halipitishi pumzi. Lau plagi zingekuwa zimelowa oili, ugonjwa ungekuwa ndani zaidi, pengine kwenye pete za pistoni, na brashi isingefaa kitu.

Akazisugua kwa brashi ya waya na petroli kidogo, mbali na moto, akazikausha vyema. Akapima mwanya wa ncha, ambao haufiki milimita moja. Akazirudisha kwa vidole kwanza, kisha akakaza kwa spana, bila kutumia nguvu nyingi. Chujio akalikung'uta, akatusihi tununue jipya. Gari likawaka kwa sauti ambayo tulikuwa tumeisahau.

Malindi tuliwakuta watu wakipukuta mchanga mikononi. Shangazi aliyetulea miaka ya chuoni, aliyetuwekea mkate wa sinia kila Alhamisi, hatukumsalia pamoja na jamaa, wala hatukushuka kaburini kumpokea. Tulisimama tukamwombea dua, tukijua kilichotuchelewesha hakikuwa barabara.

Tulipokuwa tukirudi, mbele ya mama mzazi, tulimwomba radhi mama watoto. Alinyamaza hadi tulipolikaribia daraja, kisha akasema, "Tumeshasameheana, Bwana. Lakini kesho nunua chujio."

Tukalinunua. Nanyi akina baba, mkiambiwa na wake zenu kwamba gari linakohoa, lisikizeni siku ile ile. Nanyi akina mama, msichoke kusema. Masikio yenu husikia mapema yale ambayo sisi huyasikia tukishakwama.

Allah amrehemu shangazi yetu. Amin.