Ua la Chui Mpakani

Mpenzi msomaji, ukishuka basi mjini Busia, wa kwanza kukulaki ni waendesha bodaboda. Usikasirishwe na kelele zao. Jina hilo lilizaliwa papa hapa, enzi za baiskeli zilizobeba abiria kutoka kizuizi cha Kenya hadi cha Uganda. Ni neno la Kiingereza la mpaka, likatamkwa mara mbili kwa ulimi wetu, likaenea Afrika Mashariki nzima.

Karibu na Malaba, penye foleni ya malori, nilikutana na jina jingine lililosafiri mbali. Mama mmoja alikuwa akiuza miche kando ya barabara. Katikati ya mikebe palikuwa na fungu la mashina manene kama miwa midogo, lenye maua ya manjano na madoa ya hudhurungi.

"Hili ni ua gani, mama?"

"Ni la porini tu, mwanangu. Lilikaa juu ya mti. Mti ukakatwa wa makaa, nikaliokota."

Wataalamu huliita Ansellia africana. Wengine, kwa madoa yake, huliita okidi ya chui. John Ansell alikuwa mtunza bustani Mwingereza, aliyefuatana na msafara wa Mto Niger mwaka wa 1841. Homa iliwaua wengi wa wenzake. Ua hili alilipata kisiwani Fernando Po, leo Bioko, nchini Guinea ya Ikweta. Mwaka wa 1844, mtaalamu John Lindley akalipa jina la Ansell. Basi ua linaloota pia Kenya na Uganda, hadi Afrika Kusini, likabeba jina la mgeni aliyelipeleka kwao.

Usidhani okidi hii hunyonya mti. Hukalia tawi tu. Mizizi yake myeupe husimama kama sindano, ikanasa majani makavu ambayo huoza na kuirutubisha. Mti ukianguka, nayo imekosa makao.

Nilitia mkono mfukoni nilinunue, kisha nikasita. Nikilipa leo, je, kesho kijana hatatumwa kupanda mti mwingine na panga? Hata kulivusha mpaka kwahitaji kibali, chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES.

Nikanunua miche miwili ya mapera, nikamwomba yule mama alifunge ua lake kwa kamba ya katani kwenye mwembe wa nyumbani kwake.

Akacheka. "Haya, ukirudi utalikuta."

Nawe msomaji, ukilikuta mtini, liangalie, kisha uliache hapo hapo.