Kupanda Lushoto na Mtoto Aliyeachiwa Mikono

Tangu azaliwe, Idrisa alikuwa halali bila kuviringishwa khanga nyepesi, mikono kifuani, miguu imeachiwa nafasi ya kukunjika. Ukimlaza bila khanga anashtuka: mikono inaruka, vidole vinatanuka, kisha kilio. Muuguzi wa kliniki alituambia watoto wachanga wote wana mshtuko huo, nao huisha wenyewe kati ya miezi minne na sita. Ila khanga haisubiri mpaka hapo. Mtoto akianza tu kujaribu kujigeuza, unaacha kumfunga, maana akijikuta kifudifudi na mikono imebanwa hawezi kujiinua apate pumzi.

Tukaanza kuuacha nje mkono wa kulia. Mwanzoni ilikuwa vurugu, baadaye akagundua kidole gumba na mambo yakatulia. Wa kushoto ungefuata taratibu, lakini ikaja safari ya kumpeleka akaonwe na bibi yake Lushoto.

Tuliondoka stendi ya Magufuli alfajiri. Hadi Chalinze alilala fofofo. Kufika Segera jua limepanda na basi linatokota. Nikampapasa nyuma ya shingo, nikakuta jasho. Khanga nikaivua yote. Mzee wa siti ya nyuma akanionya kwamba mtoto atapigwa na upepo. Hakuna basi lisilo na daktari wake.

Mombo tuliiacha barabara kuu tukaanza kupanda. Ni kilomita 30 na ushee tu mpaka Lushoto mjini, lakini ni kona juu ya kona, mwamba upande huu, bonde upande ule. Kila dereva alipokanyaga breki, mikono ya Idrisa iliruka ikatafuta kitu cha kushika. Nikawa namwekea kiganja kifuani bila kumbana, mpaka mikono ishuke yenyewe. Tulipopita Soni alikuwa anashtuka, anakunja uso kidogo, anaendelea na usingizi. Ndipo nilipojua usiku nitafanya nini.

Lushoto Julai ni baridi ya kweli. Mama mkwe alikuwa ametutandikia godoro, blanketi zito juu yake, na jiko la mkaa linawaka pembeni. Nikamlaza mtoto chali nimbadilishe nepi. Akapinda kiuno, akavuta bega, akageuka kifudifudi! Watu wakapiga vigelegele. Mimi nikaikunja khanga nikaitia begini.

“Mama Idrisa, na baridi hii utamlaza hivihivi?”

“Nitamvalisha, mama.”

Fulana, sweta, suruali ya sufu, soksi. Blanketi halikuingia alipolala, kwa kuwa mikono iliyo huru hulivuta likafika puani. Jiko nililitoa nje mwenyewe, kwa heshima zote: hewa yenye sumu ya mkaa haina harufu, na katika chumba kilichofungwa inaua nyumba nzima.

Usiku ule hatukulala sana. Alishtuka, nikaweka kiganja. Alilia, nikamnyonyesha, nikamrudisha chali. Wapo wanaoshauri kurudisha khanga mtoto akisumbua, japo kwa usiku mmoja. Kwa mtoto ambaye hajaanza kujigeuza, sawa, hata mkono mmoja mmoja. Kwa aliyekwisha kugeuka sikubaliani nao. Kabla hatujaondoka Lushoto alikuwa akilala vipande virefu, mikono imetupwa juu kama mtu aliyesalimu amri.

Lililobaki ni miguu. Mama mkwe anaamini miguu isiponyooshwa na kufungwa, itapinda. Kliniki walisema kinyume chake: kuifunga ikiwa imenyooka kunaweza kuitegua nyonga. Cha ajabu, yeye mwenyewe kila asubuhi alimbeba Idrisa kwa mbeleko, mapaja yametanuka, magoti yamekunjwa kiunoni mwake, mkao uleule unaozifaa nyonga. Nikamwambia. Akanijibu kuwa mbeleko ni mbeleko na kulala ni kulala, na kwamba watoto wake sita wote wanatembea wima. Mpaka tunapanda basi la kurudi Dar hatukuwa tumeafikiana.