Ziwa Lililorudi

Twaishi ufuoni hapa Musoma. Mvua kuu za mwaka 1961 zilipokwisha, ziwa letu la Viktoria halikutulia. Hata kufikia 1964 lilikuwa limepanda zaidi ya mita 2. Likaimeza nyumba ya babu yetu pamoja na kichanja chake cha samaki. Akahamia juu, penye yale mawe makubwa ambayo kila mgeni huyastaajabia, akatukataza kujenga chini tena. Nasi, kwa uvivu wa kubeba maji na nyavu, tukashuka. Basi Mei 2020 ziwa lilifikia kipimo cha 1964, likakizidi kidogo, likaingia jikoni. Tuliwahamisha watoto usiku kwa mwanga wa karabai. Kaburi la bibi limebaki kule chini. Kila asubuhi twaenda kutazama mawimbi yamefika wapi.