Mwembe wa Kiwanjani na Wazee Wake

Mwezi huu twapenda kuwaandikia habari za jambo ambalo wengi hulidhani kuwa dogo, nalo ni bustani ya mji: miti yake, na wazee waketio chini ya miti hiyo. Huenda mtu akasema, "Sisi tu watu wa vijijini, miti tunayo tele, bustani ya mji yatuhusu nini?" Twamwomba asome mpaka mwisho. Kosa tutakalolieleza tulilitenda sisi waalimu wenyewe, tena laweza kutendwa hata katika uwanja wa kanisa lo lote kijijini.

Katika mji wa wilaya yetu, karibu na soko, kiko kiwanja cha halmashauri, na katikati yake umesimama mwembe mkubwa. Hakuna mtu aliye hai aujuaye mwaka uliopandwa. Kila siku baada ya adhuhuri wazee hukutana chini yake. Wengine hucheza bao, wengine hupatanisha majirani waliogombana, na mwenye macho mazuri huwasomea gazeti wenzake. Wakristo na Waislamu huketi pamoja pasipo ugomvi.

Mtu apitaye njiani hudhani wanapoteza wakati tu. Lakini sivyo. Mzee aliyefiwa na mkewe, ambaye watoto wake wako mbali na wajukuu wake wako shuleni, aweza kushinda siku nzima bila kusemeshwa na mtu. Afikapo chini ya mwembe huulizwa, "Umeamkaje?" Na asipofika siku mbili, hutumwa mtu kwenda kumtazama. Mwaka mmoja mzee aliyekaa peke yake alikutwa ameanguka chumbani mwake, hawezi kuinuka. Alipona kwa sababu nafasi yake kwenye bao ilionekana i wazi.

Basi sisi waalimu tuliposikia kwamba Umoja wa Mataifa, mwaka 1990, uliiweka tarehe 1 Oktoba kuwa Siku ya Wazee Duniani, tulitaka kuwatendea wema wazee wetu siku hiyo. Tukakata shauri kuwajengea kiti cha saruji kuuzunguka mwembe. Halmashauri ikakubali. Wanafunzi wakachimba msingi, na mizizi iliyowazuia wakaikata kwa shoka. Tukamwaga kifusi, tukakishindilia, tukasakafia kwa saruji mpaka kwenye shina lenyewe. Kisha tukapaka chokaa, na kwa misumari mirefu tukagongomea mtini kibao chenye majina yetu. Siku ya sherehe palikuwa na nyimbo na hotuba, nasi tulipigiwa makofi, tukafurahi sana.

Mzee mmoja hakupiga makofi. Huyu alikuwa mtumishi wa bustani za serikali kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Alipita akiuzunguka mti polepole, akaugusa, akatuambia, "Waalimu, mmeuvika mti huu kanzu ya jiwe. Sasa utapumua wapi?"

Tukacheka. Mmoja wetu akamjibu, "Mzee, mti hupumua kwa majani. Hayo tunayafundisha darasani." Mzee akanyamaza, akaenda zake. Jibu lile hata leo twalikumbuka kwa aibu.

Mvua za kwanza zilipita, hatukuona neno. Baada ya mvua za pili majani ya juu yalianza kuwa ya manjano, na ncha za matawi zikakauka. Tukasema ni wadudu, kisha tukasema ni jua. Hata siku moja, saa tisa mchana, tawi nene likakatika pasipo upepo, likaangukia kile kiti tulichokijenga, likakivunja. Kwa rehema ya Mungu wazee wote walikuwa wamekwenda maziko. Kesho yake bwana miti wa halmashauri akaja, akaupaka mwembe alama nyekundu. Maana yake, ukatwe.

Kiwanja kikafungwa. Wazee wakatawanyika. Wengine walijaribu kukaa barazani kwa maduka, wakaambiwa wanazuia wateja. Wengine wakabaki majumbani. Kabla mwezi haujaisha, mmoja wao aliugua siku nne nyumbani mwake pasipo mtu kujua. Tulipozisikia habari hizo ndipo tulipoelewa kwamba katika kujenga kiti tulikuwa tumebomoa nyumba.

Jioni ile tulikwenda kwa yule mzee wa bustani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, wanangu. Karibuni mkae. Najua mmekuja kwa habari ya mti."

Hakutukemea. Alituambia, "Mti hauanguki siku ile uangukapo. Ule ulianza kuanguka siku mlipochimba." Kisha akatufundisha kama vile sisi tuwafundishavyo watoto. Alisema kwamba watu wengi hudhani mizizi ya mti yote huzama chini sana. Kumbe sehemu kubwa ya mizizi ile myembamba inyonyayo maji hukaa karibu na uso wa nchi, nayo huenea mbali kupita kivuli cha matawi. Mizizi nayo yahitaji hewa, na hewa hiyo hupita katika vitundu vidogo vya udongo. Udongo ukishindiliwa, au ukifunikwa kwa saruji, maji hayaingii wala hewa haiingii, na mizizi hufa gizani mahali pasipoonekana. Juu mti huonekana mzima kwa muda, kwa sababu hula akiba yake. Akiba ikiisha, huanza kukauka kuanzia nchani.

Tukamwuliza, "Je, waweza kupona?" Akajibu, "Labda. Ombeni mwaka mmoja."

Neno hilo lilituchoma moyo, kwa kuwa sote twaijua habari ya mtini usiozaa katika Injili ya Luka, sura ya 13, jinsi mtunza shamba alivyouombea mwaka mmoja ili aupalilie na kuutilia samadi. Mara nyingi tulikuwa tumeihubiri habari hiyo tukiwaza mioyo ya watu tu. Hatukufikiri ya kuwa yule mtunza shamba alijua pia kazi ya jembe.

Tukaenda kwa halmashauri, tukakiri kosa letu, tukaomba mwaka mmoja. Bwana miti alikubali kwa masharti: matawi yaliyokufa yaondolewe na watu wenye ujuzi, mtu ye yote asiketi chini mpaka mti utakapokaguliwa, na yule mzee awe msimamizi. Kazi ikaanza. Tulivunja saruji yote kwa nyundo na kuondoa kile kifusi. Tulitifua udongo kwa uangalifu, tusijeruhi mizizi iliyosalia, tukatandaza samadi iliyooza, na juu yake majani makavu yenye kimo cha vidole vinne. Mzee alituonya tusiyalundike majani kwenye shina, maana unyevu huozesha gome. Wakati wa kiangazi wanafunzi walileta maji kwa zamu, wakamwagia polepole mbali na shina, ilipo mizizi.

Katika kukata matawi pia tulijifunza. Tawi zito halikatwi mara moja kutoka juu, kwa kuwa huanguka likalichuna gome la shina. Kwanza hukatwa kidogo kutoka chini, mbali kidogo na shina. Kisha hukatwa kutoka juu, nje zaidi ya mkato ule wa kwanza, mpaka lianguke. Mwisho hukatwa kile kisiki kilichobaki, karibu na uvimbe ulio kama shingo mahali tawi litokeapo, lakini uvimbe wenyewe usiguswe. Tulitaka kupaka lami kwenye vidonda, mzee akakataa. Baadaye tulisoma habari za mtaalamu wa Marekani aitwaye Alex Shigo, aliyefariki mwaka 2006. Yeye alipasua maelfu ya miti akaonyesha kwamba mti hauponyi kidonda kama mwili wa mtu uponyavyo. Huzungushia kuta sehemu iliyoumia, kisha huotesha mti mpya nje yake. Kidonda hubaki ndani, nao mti huendelea kuishi. Mzee wetu hakukisoma kitabu hicho, lakini mikono yake ilikuwa imeyajua hayo zamani.

Wasomaji wetu, kazi hii ya kutunza bustani za watu wote si upuuzi. Katika Uingereza, Birkenhead Park ilifunguliwa mwaka 1847, nayo ilitengenezwa kwa fedha za mji ili watu wote, hata maskini, wapate mahali pa kupumzika. Katika China wazee hukusanyika asubuhi na mapema bustanini wakinyosha viungo pamoja. Kwetu Afrika ya Mashariki, bustani ya Forodhani kule Unguja, iliyotengenezwa kwa ajili ya jubilei ya Sultani Khalifa bin Harub mwaka 1936, ilichakaa hata ikabidi kutengenezwa upya, ikafunguliwa tena mwaka 2009. Na Nairobi, mwaka 1989, palikuwa na shauri la kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Bibi Wangari Maathai akasimama kulipinga, akatukanwa sana, lakini jumba halikujengwa.

Bibi huyo atufundisha neno jingine tena. Chama chake cha kupanda miti kilianza mwaka 1977, na wanawake wa vijijini walioitunza miche walipewa fedha kidogo. Lakini hawakulipwa kwa sababu ya kupanda tu. Walilipwa kwa kila mche ulioishi. Angalieni hekima hiyo! Sisi hupenda siku ya kupanda, kwa kuwa siku hiyo wako wageni na nyimbo na picha. Siku za kutunza hazina nyimbo. Na kama ilivyo kwa mti, ndivyo ilivyo kwa mzee. Tarehe 1 Oktoba twampa kanga, au sukari kilo moja, kisha twamsahau mpaka Oktoba nyingine. Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania, ya mwaka 2003, humhesabu kuwa mzee mtu aliyefikia umri wa miaka 60. Lakini sera haiwezi kumwuliza mtu, "Umeamkaje?" Jirani ndiye awezaye.

Sasa ni mwaka wa pili tangu tulipovunja saruji. Mwembe haujarudia hali yake ya zamani. Upande wa mashariki umepotea wote, na mti umekaa kama mtu aliyekatwa mkono. Lakini upande wa magharibi umechipua, na msimu uliopita ulizaa maembe machache, madogo. Bwana miti huja kuukagua kabla ya kila masika, na ile alama nyekundu haijafutwa. Iko chini ya gome kavu, yaonekana hafifu. Twauombea.

Kiwanja kimefunguliwa. Mabao yamerudi upande wenye kivuli. Viti sasa ni vya mbao, vimesimama kwa miguu mbali na shina, vina maegemeo, na mahali pa kushika ili mzee ajiinue bila kumwomba mtu. Kila Jumatano muuguzi huja kuwapima shinikizo la damu. Asubuhi wale wenye nguvu hukizunguka kiwanja kwa miguu, na wenye magoti mabaya hunyosha mikono wakiwa wameketi. Ijumaa wanafunzi wetu huwasomea gazeti, kisha wazee huwasimulia mambo ya zamani. Yule mzee wa bustani amewafundisha watoto kumi na wawili kushika msumeno na kuotesha miche, nao wamekwisha kupanda mwembe mchanga upande ule uliopotea, ili siku ya mkubwa kuondoka, mdogo awe amekwisha kuwa na kivuli.

Kile kibao chenye majina yetu tulikiondoa. Misumari miwili ilikwisha kuzama katika mti, na mzee alituzuia tusiing'oe. Alisema, "Iacheni. Mti umekwisha kuifunika. Kuing'oa ni kuujeruhi mara ya pili." Kwa hiyo misumari yetu imo humo ndani, nayo itakaa humo muda wote mti utakaoishi.

Ndugu zetu mlioko vijijini, tazameni mti ulio mbele ya kanisa lenu. Kama watoto huchoma takataka shinani pake, wakatazeni. Kama udongo umekanyagwa ukawa mgumu kama sakafu, utilieni majani makavu. Kama mmeukusudia sakafu ya saruji, ngojeni kwanza. Kisha hesabuni wazee waliozoea kuketi chini yake, mwone ni nani ambaye siku hizi haji, mkamwulize hali. Na akiwapo mzee ambaye ameonya jambo, nanyi mkacheka kwa sababu mmesoma, nendeni kwake jioni ya leo. Msingoje tawi lianguke.

Mungu atusaidie kuvitunza tulivyoachiwa. Amina.