Ndege isiyo na mota, kwa watoto wa wahami hapa Beni

Hapa Beni ndege zote tunazozijua zina kelele. Ikitua moja Mavivi, au helikopta ikipita juu ya mabati, kuna watoto waliokimbia vita wanaoingia mara moja chini ya kitanda. Ndiyo maana nilianza kutengeneza, pamoja na watoto wa wahami wanaoishi kwenye avenue yetu, ndege ndogo isiyo na mota. Inaelea tu hewani, kama mwewe anapotulia bila kupiga mabawa.

Nchi nyingine wanazitengeneza kwa balsa, mti wa Amerika ya Kusini unaouzwa sana na Ecuador. Sifa yake ni wepesi: mita moja ya ujazo ina kilo kama 160, wakati mbao ngumu nyingi zinapita 600. Sokoni Beni balsa hakuna. Lakini papa mmoja aliyetoka upande wa Mbau, anayelala kwa jirani yetu pamoja na watoto wanne, alinisikiliza akacheka: "Mti wa namna hiyo tunao. Si parasolie?"

Alisema kweli. Parasolie si balsa, ila tabia zao zinafanana. Yote miwili inaota haraka penye mwangaza, mahali msitu ulipokatwa au shamba lilipoachwa, na mbao zake ni nyepesi na laini kwa kisu. Papa huyo ni mkulima wa kakao. Tangu mauaji yaanze katika eneo la Beni mwaka 2014, watu wengi wameacha mashamba. "Walioweza kufika kwangu wanasema parasolie sasa zimepita kakao kwa urefu," alisema. Hapo hakucheka tena.

Kipande chetu kilitoka kwenye kiwanja kitupu hapa mjini, mti ulipoangushwa ili wajenge nyumba. Fundi wa mbao alitupasulia vibao vyembamba, milimita 3 hadi 4. Tulivikausha kivulini wiki mbili, na mawe juu ili visijikunje.

Vipimo ni hivi. Bawa lina urefu wa sentimita 40 na upana wa 6. Unalikata katikati, kisha unaliunganisha tena kwa gundi nyeupe ya mafundi, ncha zote mbili zikiinuka kama sentimita 3. Hizo ncha zilizoinuka ndizo zinaizuia ndege isilale upande. Mwili ni kijiti cha sentimita 35. Mkia una urefu wa 14 na upana wa 4, na juu yake kibao kidogo kinachosimama. Piga msasa: mbele ya bawa pawe mviringo, nyuma pawe pembamba. Puani bandika udongo wa mfinyanzi. Halafu inua ndege kwa ncha za vidole viwili chini ya bawa, kwenye theluthi ya mbele. Ikikaa sawa bila kuinama, iko tayari.

Tunairusha asubuhi kwenye majani ya uwanja wa mpira, kabla upepo haujaamka. Haitupwi kama jiwe. Inasukumwa mbele, pua ikitazama chini kidogo. Ikiinua pua, ikasimama na kuanguka, ongeza udongo. Ikiingia chini moja kwa moja, punguza. Ikipinda daima upande mmoja, tazama kama bawa limejikunja.

Binti wa papa huyo ana miaka 11, na hajasoma tangu wahame. Ndege yake ilianguka mara sita. Mara ya pili aliniambia, "Yaya, hii imerogwa." Mara ya tano alikuwa ameshaanza kuuliza mwenyewe: udongo ni mwingi, au ni kidogo? Mara ya saba iliondoka mkononi, ikapita juu ya majani kimya kabisa, ikatua hatua 22 mbele. Watoto wadogo hawakukimbia kujificha. Walikimbia nyuma yake.

Mtoto wa mhami anaambiwa mambo mengi asiyoweza kuyashika mkononi: tumehama, shule imefungwa, shamba limebaki kule. Hapa, kitu kikianguka anaweza kutafuta sababu, na mara nyingi dawa yake ni punje ya udongo. Sisemi kwamba hiyo inamrudishia shamba baba yake. Ila jioni ile binti alimweleza baba kwa nini ndege inaanguka, na baba alimsikiliza hadi mwisho.

Wazazi, neno moja la lazima. Msitume mtoto porini kutafuta parasolie, hata kama mnaiona kwa macho kutoka barabarani. Ulizeni mafundi wa mbao, au wanaosafisha viwanja hapa mjini. Mkikosa, frigolite ya sanduku la televisheni inakatwa vizuri kwa wembe, mtu mzima akiushika, na vipimo vinabaki vilevile.