Mpira wa Kusikilizia: Kumbukumbu za Fundi Kabureta wa Issuna

Ufundi wa kabureta, yaani wa kile chombo kinachochanganya petroli na hewa kabla ya mchanganyiko huo kuingia kwenye silinda, umekaribia kutoweka nchini Tanzania, kwa kuwa mengi ya magari yaliyotumika yanayoletwa kutoka Japani hupulizia mafuta yake kwa amri ya kompyuta, na kijana anayeanza kazi gereji siku hizi hufundishwa kuchomeka mashine ya kusomea hitilafu kabla hajajua kushika bisibisi. Kumbukumbu hizi zinaandikwa baada ya mwandishi kufunga gereji yake na kurejea Issuna, katika Wilaya ya Ikungi mkoani Singida, akiwa na gari moja la michezo aina ya Datsun 240Z, ambalo limemletea wanafunzi wengi kuliko aliopata kuwafundisha katika maisha yake yote ya kazi, ingawa hakuna hata mmoja wao aliyefikia umri wa kupewa leseni.

Ya utotoni hayahitaji maneno mengi. Mwandishi alizaliwa Issuna katika familia ya Wanyaturu wakulima wa mtama na uwele, akachunga ng'ombe kwenye majabali, akasoma shule ya msingi, na moyo wake wote ukawa kwenye barabara ya Manyoni kwenda Singida, ambayo wakati huo haikuwa na lami, hivi kwamba malori yalikwama kila masika na watoto waliochota maji ya rejeta walilipwa kwa kuruhusiwa kutazama injini. Kutoka hapo akapanda lori la Dodoma, kisha la Dar es Salaam, akaishia kwenye gereji moja ambayo hakuna haja ya kuitaja jina, ambako alianza kwa kuosha vipuri kwa mafuta ya taa.

Gari la michezo, ambalo vijana huliita spoti, ni gari fupi kwa kimo, aghalabu la watu wawili, lililopewa injini yenye nguvu kupita mahitaji ya safari za kawaida. Datsun 240Z, iliyotoka kiwandani kwa mara ya kwanza mwaka 1969, ina boneti ndefu, injini ya lita 2.4 yenye silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, na kabureta 2 ambazo kila moja hulisha silinda 3. Sifa yake katika Afrika Mashariki ilitokana na Safari, mashindano yaliyoanza mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II na ambayo kwa miaka mingi yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika: Edgar Herrmann alishinda kwa gari la aina hiyo mwaka 1971, na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda kwa gari la aina hiyohiyo mwaka 1973. Dar es Salaam nayo ilikuwa na wake wa kujivunia, Bert Shankland, aliyeshinda mwaka 1966 na tena mwaka 1967 kwa Peugeot 404, gari la familia ambalo hakuna mtu aliyewahi kuliita spoti, na jambo hilo peke yake lingetosha kuwanyamazisha wanaodhani kuwa mbio ni umbo la gari.

Fundi mkuu wa gereji hiyo, mzee wa Tanga ambaye kila mtu alimwita Mjomba, hakuchoka kueleza jinsi Mehta alivyoshinda mwaka 1973: yeye na Harry Källström wa Sweden walimaliza wakiwa na alama sawa za adhabu, na ushindi ukaenda kwa Mehta kwa sababu alikuwa amesafiri umbali mrefu zaidi kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza. Kwa Mjomba, hiyo ndiyo ilikuwa maana ya injini iliyopangwa vizuri, kwamba ichelewe kukosea. Ili kupanga kabureta 2 zivute hewa kwa kiwango kimoja, alifungua kwanza kichujio cha hewa, akawasha injini mpaka ikapata moto, akashusha sailensi, yaani mzunguko wa injini wakati gari limesimama, kisha akachukua kipande cha mpira wa maji, akaweka ncha moja sikioni na nyingine kwenye mdomo wa kabureta ya kwanza, halafu ya pili, akizungusha skrubu kidogo kidogo hadi mvumo wa kila moja ulipofanana na wa mwenzake. Baada ya hapo aliinua kwa kidole kijipini kilicho ubavuni mwa kabureta: injini ikipandisha mzunguko na kubaki juu, mafuta yamezidi, ikitaka kuzimika, mafuta yamepungua, ikipanda kidogo na kurudi, kazi imekwisha.

Pale ndipo ulipozuka ubishi ambao haujaisha hata baada ya Mjomba kufariki dunia. Yeye alishikilia kwamba kabureta ikishapangwa sawasawa Dar es Salaam haina sababu ya kuguswa tena popote nchini, wakati mwandishi, aliyekuwa akitumwa bara mara kwa mara kuyafuata magari ya wateja, aliona plagi zikirudi nyeusi kwa masizi kila gari lilipokaa Singida. Sababu yake inaeleweka: uwanda wa Singida uko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa kiasi cha asilimia 14 hivi, lakini kabureta haipunguzi petroli kwa kiasi hichohicho, kwa hiyo mchanganyiko unakuwa mzito, gari linatoa moshi mweusi na kula mafuta bure. Dawa ni kupandisha kidogo nati iliyo chini ya kabureta ili petroli ipungue, na kulirudisha gari katika mpango wa awali linapotelemka pwani. Mjomba aliuita utaratibu huo uhuni wa mafundi wa bara. Mwandishi anauita fizikia, na plagi zake ni za rangi ya kahawia.

Katika jambo moja, hata hivyo, Mjomba alikuwa sahihi pasipo ubishi. Msimamizi wa gereji aliwafukuza watoto wa mtaani kwa kuwamwagia maji, naye Mjomba akawaita Jumamosi msimamizi akiwa hayupo, akawapa ule mpira wasikilize. Datsun inayozungumziwa hapa ilikuwa ya mteja aliyeondoka nchini, ikalala uani miaka ile ya uhaba wa vipuri na petroli, wakati magari binafsi yalipokatazwa kutembea Jumapili alasiri, na gereji ilipouzwa mwandishi alipewa gari hilo badala ya malipo yake ya utumishi, na waliompa waliamini kwamba wamemwachia chuma chakavu.

Leo, wanafunzi wanapotoka shule, gari husukumwa hadi chini ya mti, breki ya mkono ikavutwa, na kila mtoto, baada ya kunawa, hukaa kwenye usukani kwa zamu kabla ya boneti kufunguliwa na mpira kupita sikio hadi sikio, mikono ikiwa nyuma kwa sababu ya feni. Msichana mmoja wa darasa la nne alisikiliza pande zote mbili akasema, "Babu, hii inapuliza, ile inakoroma." Kipimo cha kioo, ambacho ndani yake kigololi hupandishwa na hewa, kilipowekwa, kilionyesha tofauti palepale aliposema.

Dereva mstaafu wa mabasi, jirani na rafiki wa mwandishi, anadai kwamba kutowaendesha watoto ni uchoyo na kwamba wapelekwe Ikungi na kurudi, kwani mtu hapendi asichokipanda. Hoja hiyo haina mashiko. Barabara hiyo sasa ni ya lami, inapitiwa na mabasi, malori, bodaboda na ng'ombe, na mwendo unaoruhusiwa kwenye makazi ya watu ni kilomita 50 kwa saa, mwendo ambao 240Z haina cha kuonyesha; kinachobaki ni kuvunja sheria mbele ya watoto. Vijana wanaokata ekzosti za Subaru zao ili zipige kelele wanapopita mbele ya shule, kisha wakapotea kwa vumbi, wanawafundisha watoto kwamba gari ni mguu wa kulia tu, na matokeo yake yanaonekana kwenye bodaboda miaka michache baadaye. Anayetaka kushangiliwa asimame kwanza.

Kwa hiyo mwenye spoti anayepita kati ya Manyoni na Singida anaombwa apunguze mwendo Issuna, aegeshe pembeni, azime injini na kufungua boneti kwa dakika chache. Na mwenye gereji aliye na kabureta kuukuu zilizotupwa pembeni, hata zilizovunjika, anaombwa azipakie kwenye basi lolote la Singida na kumwambia kondakta azishushe Issuna, kwa sababu zilizopo haziwatoshi watoto wote kuzifungua.